Isale Kwenye Kona ya Mfongo

Jua la saa moja asubuhi pale Uru, mlimani Kilimanjaro, haliji lote kwa mara moja. Linapenya migombani vipande vipande: kimoja kwenye jani, kimoja kwenye mbuni, kimoja kwenye maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yanayopita kihambani kwa Leodegar, kwenye shamba la nyumbani kwake. Na pale kipande kinapoangukia maji, chini kabisa kwenye mchanga mweusi, kuna kitu kinameta. Kinameta, kinazima. Kinameta, kinazima.

Leodegar alikuwa amechuchumaa hapo, amekikodolea macho. Watu wa Uru walikijua kitu hicho tangu utotoni. Walikiita vumbi la mlima, wakafua nguo juu yake, wakamwagilia migomba, wakaendelea na maisha yao. Yeye alikiita dhahabu. Alikuwa na sababu ya kukiita dhahabu, na sababu yenyewe haikuwa ndani ya maji.

Nami nasema mapema, usije ukanilaumu baadaye: hakuna dhahabu katika habari hii.

Kuna aibu. Aibu ndiyo iliyomwamsha, aibu ndiyo iliyopiga misumari, aibu ndiyo iliyoshika koleo. Miaka minane Leodegar alikuwa machimboni, kule Kanda ya Ziwa. Aliondoka mwaka wa themanini na nane, kahawa ikiwa imeanza kuchosha watu, mkewe Mektrida akiwa na mimba ya miezi saba na binti yao Doris ndiyo kwanza anatembea. Alirudi mwaka wa tisini na sita na sanduku la bati na kikohozi. Mtu akitoka kwenye dhahabu watu humtazama mikono kwanza, kisha shingo, kisha viatu. Walimtazama Leodegar, wakamaliza haraka.

Kule alikuwa mchota maji. Alibeba madumu kutoka bwawani hadi kwenye mialo ya wenzake, kila siku, mabega yakichubuka. Mwalo ni mfereji wa mbao wa kuoshea mchanga wa dhahabu, na wenye mialo huketi kando yake wakiamuru. Leodegar hakuwahi kuketi. Lakini macho yake yalikuwa yanaketi, yakajifunza yote: mteremko, gunia, vibao, na ule wimbo wa wenye mialo, ulioimbwa kila koleo lilipomwagwa. Chepesi kiende, kizito kibaki.

Chepesi kiende, kizito kibaki. Angejua kilichokuwa kizito kwake, asingeuimba.

Siku aliyorudi, kabla hajavua viatu, Mektrida alimuuliza jambo moja tu.

“Baba Doris, barua yangu uliipata?”

Na Leodegar, amesimama mlangoni na sanduku mkononi, akajibu, “Barua gani?”

Basi Mektrida akamketisha, akamsimulia upya, taratibu, jinsi mtu anavyomlisha mgonjwa. Kwamba mtoto alizaliwa, wa kiume, wakamwita Damian. Kwamba aliishi miezi mitano. Kwamba homa ilimchukua kwa siku mbili, na katekista aliwahi kumbatiza. Leodegar akalia. Alilia kwa sauti, kama anayesikia kwa mara ya kwanza, na Mektrida akamshika kichwa akakiegemeza begani. Mama aliyezika peke yake alimbembeleza baba aliyekuwa anajua kwa miaka saba.

Kwa sababu barua ilifika. Ililetwa na kijana wa Kibosho aliyekwenda machimboni kutafuta kazi, karatasi mbili zilizokunjwa pamoja, mwandiko wa Mektrida uliolala upande. Leodegar alisoma hadi alipofika penye maneno “Damian wetu ametutoka”. Hapo akaikunja. Hakuwa na nauli, na kukosa nauli kungesameheka. Lakini alikuwa ameandika nyumbani kwamba mambo ni mazuri, kwamba ana mwalo wake na watu wanne chini yake. Bosi wa watu wanne anakosaje nauli ya kwenda kumlilia mwanawe? Akaitia barua sandukuni, chini ya shati. Karatasi ya pili hakuifungua kabisa.

Ee Leodegar, ungeifungua.

Wiki tatu zilipita tangu arudi. Mara mbili Mektrida alimwambia, “Twende nikuonyeshe alipolala.” Mara mbili Leodegar alisema, “Bado, mama Doris. Moyo haujapata nguvu.” Mektrida hakumsukuma. Alidhani ni majonzi, akayaheshimu. Kumbe mtu alikuwa anakimbia kaburi kwa sababu kaburi linajua tarehe.

Akajiambia dhahabu itamaliza yote. Ikipatikana, hata kidogo, miaka minane itapata maana, na yule bosi wa watu wanne atakuwa hakudanganya sana, alitangulia tu kusema. Ndivyo alivyojidanganya, tena kwa raha, kwa sababu uongo wa kujidanganya mwenyewe hauna wa kukukemea.

Mwalo unataka maji, na maji ya mfongo yana zamu. Mababu waliuchonga mfongo ule kutoka juu msituni, na tangu hapo kila nyumba ina siku yake na saa zake. Zamu ya Mektrida ilikuwa Alhamisi, kutoka asubuhi hadi saa saba, kila baada ya wiki mbili. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na mvua ilikuwa imewasahau. Leodegar akamwomba zamu hiyo.

Mektrida aliyatazama maharage kwa muda mrefu.

“Chukua,” akasema. “Lakini mchanga uchote humo humo mfongoni. Shamba usiliguse. Nikirudi tutaongea.”

Kisha akajitwika mkungu wa ndizi mshare, akashuka kwenda soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Doris alikuwa ameshakwenda shule. Leodegar akabaki na maji.

Alikuwa amepigilia mbao tatu za mgrivilea, moja chini, mbili ubavuni, urefu wa mtu aliyelala. Akaupeleka mwalo wake hadi kwenye kona, pale mfongo unapojikunja kabla ya kuingia kwa jirani yake, mzee Fabian. Akauinua kichwa kwa mawe mawili, akauacha mkia chini. Akaweka buni moja mbivu kwenye kichwa aone kama itabingirika. Ikabingirika mno. Akatoa jiwe moja. Ikabingirika kwa adabu.

Akatandika gunia. Lilikuwa gunia la katani la kahawa, lenye herufi za chama cha ushirika zilizofifia, kutoka enzi ambazo lilijaa. Juu yake akapigilia vibao vya kukinga, kimoja baada ya kingine, ili maji yakiruka yajikwae na kuangusha mzigo. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwake ambalo alilitengeneza mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa dakika hizo chache, nisimnyime haki yake, alikuwa na furaha safi.

Akaondoa gogo la mgomba na madongo yaliyoziba mfereji wa pembeni. Maji yakasita, yakanusa njia mpya, yakaingia. Yalipita juu ya gunia yakicheka. Leodegar naye akacheka. “Chepesi kiende,” akaimba, akamwaga koleo la kwanza. “Kizito kibaki.”

Alimwaga mchanga wa mfongo kwa saa nzima. Akafunga maji, akainua gunia, akalisuuza ndani ya karai. Akalizungusha karai kama alivyowaona wenzake wakilizungusha. Palibaki mchanga mweusi, mzito, usio na neno. Vile vilivyokuwa vinameta vilikuwa vyepesi kuliko vyote. Viliondoka vya kwanza.

Mwenye busara angefungua maji yakanyweshe maharage. Leodegar alisimama, akafuta uso, akaangaza kando. Ndipo akaliona isale.

Lilisimama peke yake ndani ya kona, bichi, limenyooka, refu kumpita kiuno. Masale ndiyo mipaka yetu. Hatujengi ukuta kati ya kihamba na kihamba, tunapanda masale, na asiyeyaheshimu haheshimiki. Mstari wa masale ya mpaka wake na mzee Fabian aliujua, ulikuwa hatua kumi ng'ambo ya kona. Na hili? Alipoondoka, isale hili halikuwepo. Lilikuwa ndani kabisa ya kihamba chake.

Damu ikampanda. Kumbe! Mtu amekwenda kutafuta, huku nyuma mzee mzima, mwenyekiti wa mfongo, anasogeza mpaka kimya kimya, isale moja leo, jingine kesho, mpaka mwenyewe akirudi akute kihamba kimebaki ua. Kila mtu wa mlimani ameshawahi kuwaza hivyo juu ya jirani yake. Ardhi ni finyu na mawazo ni mengi. Leodegar alilishika isale lile kwa mikono miwili, akaling'oa na mizizi yake, akalitupa majanini. Alijisikia mwanaume.

Na kwa hasira ile ile, kwa kuonyesha kwamba hapa ni pake, akachimba hapo hapo.

Udongo ulikuwa laini. Koleo lilizama bila kubishana. Mchimbaji yeyote angejua, hata mchota maji angejua: udongo unaokubali haraka ni udongo uliowahi kuchimbwa. Leodegar akasema Mungu amemhurumia. Akachimba hadi magotini, akachimba hadi kiunoni. Akarudisha gunia, akafungua maji tena, akamwaga koleo baada ya koleo kwenye kichwa cha mwalo, na maji yakatoka mkiani mekundu, mazito, yakaingia kwa mzee Fabian. Chepesi kiende. Koleo. Kizito kibaki. Koleo. Chepesi kiende. Koleo.

Kibao cha tatu kilikuwa na kitu kinachometa.

Hakikuzima. Kilikaa palepale kwenye nyuzi za gunia, maji yanakipiga, hakiondoki. Leodegar akapiga magoti. Akakichukua kwa vidole viwili, akakisugua kwa dole gumba.

Ilikuwa medali ndogo, ya Bikira Maria, yenye tundu la uzi. Na pembeni yake, imenasa kwenye gunia, pini ya kufungia nepi, imeshika kutu, bado imefungwa.

Alivitazama viganjani. Aliviona, lakini hakuvielewa, au alivielewa, na akili ikakataa kuketi navyo. Ndipo akasikia kikohozi ng'ambo ya mfongo.

Mzee Fabian alikuwa amepandisha kufuata maji. Kibwawa chake kilikuwa kimejaa tope na alikuja amekasirika, jembe begani. Akaona mwalo. Akaona shimo. Akaona isale limelala majanini, mizizi juu. Hasira ikamtoka usoni, pakabaki kitu kingine, na akavua kofia.

“Shikamoo, mzee,” Leodegar akasema, kwa sababu mdomo ukikosa la kusema husema uliyofundishwa.

Mzee hakuitikia. Akashusha jembe polepole.

“Leodegar,” akasema. “Hapo nilichimba mimi. Kwa jembe hili. Wewe hukuwapo, na mtoto hawezi kuwekwa udongoni na mama yake. Isale nililipanda mimi. Unafanya nini hapo, mwanangu?”

Maji yalikuwa bado yanapita juu ya gunia yakicheka.

“Funga maji,” mzee akasema. “Funga maji, mbe. Unampeleka wapi?”

Hapo ndipo alipoelewa. Akakimbilia mfereji, akatumbukiza gogo la mgomba, akajaza madongo kwa mikono, akakanyaga. Lakini yaliyokwenda yalikuwa yamekwenda. Udongo mwekundu ulishaingia kihambani kwa mzee Fabian, ukatawanyika mashinani mwa migomba ya watu. Mifupa ya mtoto mchanga udongo wetu haukawii kuila. Alikuwa amemwosha mwanawe na kumwaga.

Wakarudisha uliobaki, wawili. Mzee alitumia jembe, Leodegar alitumia mikono, kwa sababu koleo hakuweza tena kulishika. Na mkono wa mzee kila ulipopita mbele yake, Leodegar aliyakumbuka aliyomwazia asubuhi ile juu ya mpaka, akainamisha uso usikutane na uso wa mzee. Shimo halikujaa. Lilipungukiwa udongo kiasi cha mtoto.

Mektrida alifika saa sita, kitambaa cha kichwani mkononi, jasho shingoni. Aliona kwanza maharage yake, makavu. Kisha akaona wanaume wawili wamesimama kwenye kona, na isale halipo mahali pake. Akatembea moja kwa moja hadi pale. Leodegar alimnyooshea kiganja chenye medali na pini.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Aliichukua pini, akaifungua kwa kucha, akaifunga tena. Kisha akamtazama mumewe, aliyepakaa tope hadi nywele, na akafanya jambo ambalo lingemwua mtu mwenye moyo mdogo. Alimhurumia.

“Hukujua,” akasema. “Usijilaumu, baba Doris. Ungejuaje? Barua haikukufikia.”

Pale, msomaji, palikuwa na mlango, wazi kabisa. Angeweza kupita. Mke alikuwa ameushika mwenyewe, na mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa: kweli, hakujua, maskini. Uongo wake ulikuwa umerudi kumwokoa. Leodegar aliusikia ukimwita jina, mtamu, mwepesi.

Mwepesi. Akautazama mwalo, na gunia lililobaki tupu.

Akaondoka mbio kuelekea nyumbani. Mektrida alidhani anakwenda kulia. Alifungua sanduku la bati, akatoa shati, akatoa kilichokuwa chini ya shati. Akarudi kupitia mpaka, ule wa kweli, hatua kumi ng'ambo ya kona, akasimama mbele ya masale ya mababu.

“Mzee Fabian,” akasema, “naomba jani. Sistahili kulikata mwenyewe.”

Mzee alimtazama, akatoa kisu, akakata. Kwetu jani la isale ni la kuomba msamaha, halibebwi kwa mzaha. Anayeletewa hulipokea, hata kama aliyelileta amemchoma moyo, na aliyelileta husema kosa lake lote bila kubakiza.

Leodegar alipiga magoti mbele ya mkewe. Mkono wa kulia jani, mkono wa kushoto barua.

“Ilifika,” akasema. “Mwaka ule ule. Nilisoma nusu.”

Mektrida aliutazama mwandiko wake mwenyewe. Aliichukua barua kabla ya jani. Karatasi ya kwanza ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Ya pili ilikuwa bado imekunjwa kama alivyoikunja yeye mezani pake miaka saba iliyopita, safi, haijaguswa na jicho. Ilibidi aifungue polepole isichanike. Akaisoma kwa sauti, pale pale, na sauti yake haikuwa na machozi wala hasira, ilikuwa sauti ya msichana aliyeandika.

“‘Tumemlaza kwenye kona ya mfongo, ndani, ambapo jua la asubuhi linaanzia. Mzee Fabian amepanda isale moja peke yake, lisifanane na ya mpaka. Hivyo ukija, hata ukikuta sisi hatupo, utamwona mwenyewe, usihangaike kuuliza mtu.’”

Leodegar aliweka paji la uso ardhini, kwenye tope alilolitengeneza, na aibu ikamshuka yote, kutoka kichwani hadi unyayoni, na kwa mara ya kwanza kwa miaka saba hakuipa jina jingine. Hakuwa maskini aliyekosa nauli. Hakuwa mtafutaji. Alikuwa baba aliyeonyeshwa njia akakataa kusoma.

Baada ya muda akahisi jani likitoka kiganjani mwake.

“Jani nimelipokea,” Mektrida akasema. “Wewe bado.”

Alizifunga medali na pini katika kile kitambaa chake, akakifukia kwa mikono yake katikati ya lile shimo lisilojaa. Mzee Fabian akaliinua isale, akalisimamisha, akakandamiza udongo kwa kisigino. Majani yake yalikuwa yameanza kulegea. Zamu ilikuwa imebaki robo saa, na maharage yalikuwa yanangoja, lakini Mektrida alilitazama isale tu.

Akaokota karai, lile la dhahabu, akampa mumewe.

Leodegar akateremka mfongoni. Jua la mchana lilikuwa limesimama wima sasa, limeingia lote, na chini kwenye mchanga mweusi vumbi la mlima lilikuwa linameta, linazima, linameta, linazima, kila mahali, zaidi ya asubuhi. Akachota. Maji yalijaa karai na mng'ao ukajaa nayo, ukazunguka, ukatulia chini.

Akapanda nayo hadi kwenye isale, akainama, akamimina yote. Hakuangalia kilichobaki.